Mbandika picha wa Kibirizi na mawe ya Mirihi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ufukwe wa Kibirizi, Kigoma. Mitumbwi imekwisha kushusha dagaa, wachuuzi wanapandishiana sauti, na Urbanus Bihemo amepiga magoti mbele ya ubao mrefu akikoroga gundi. Gundi yake ni uji mzito wa unga wa muhogo. Ndani yake anatia kijiko kizima cha pilipili kichaa ya kusaga.

"Usipotia pilipili, mbuzi wa hapa wanakula watoto wa watu," anasema. "Desemba walikula kumi na mmoja kabla ya saa nne."

Watoto anaowasema ni picha. Shirika moja la misaada humpiga picha kila mtoto aliyevuka ziwa peke yake kutoka Burundi, au kutoka ile Zaire ambayo tangu Mei inaitwa Kongo. Kazi ya Urbanus, mwenye miaka arobaini na minne, ni kuzibandika hapa wanaposhukia wakimbizi, ili mzazi au ndugu akifika azione. Tangu Novemba mwaka jana amebandika picha elfu moja mia nne na kumi na mbili. Waliopata ndugu zao ni sitini na watatu.

Ubao huu una namna yake ya kusomwa, na hakuna aliyeifundisha. Mtu huweka kidole juu ya picha ya kwanza, huitazama, husema "si wangu," kisha kidole huhamia ya pili. Ukiruka hata moja, aliye nyuma yako atakurudisha. "Labda huyo uliyemruka ndiye," watakwambia, na utarudi.

Urbanus naye ana mtu wake, ila hawezi kumtafuta mtu huyo ubaoni. Mkewe, Domitila, mzaliwa wa Kalemie ng'ambo ya ziwa, alivuka Septemba mwaka jana kwenda kumzika mama yake. Alisema angekaa wiki mbili. Vita vikaanza upande ule, boti zikasimama, na tangu hapo hajaleta barua wala salamu.

"Ubao ni wa watoto tu. Watu wazima hawabandikwi, ndiyo amri," anasema. "Na hata wangeruhusu, picha yake sina. Miaka kumi na moja ya ndoa, hatukuwahi kuingia studio. Tuliona mambo ya kupoteza hela."

Mshahara wake ni shilingi elfu thelathini na mbili kwa mwezi, na hana wa kumlisha. Akirudi mtaani kwake Buzebazeba jioni anapika ugali wa mtu mmoja, jambo ambalo mpaka leo halijamkaa mkononi. Hupika mwingi, unabaki, anaumwaga. Dada yake, Agnesi, ametuma maneno mara mbili kutoka Kasulu: nyumba ifungwe, arudi nyumbani, mwaka ukitimia atafutiwe mwanamke mwingine. Mwaka unatimia mwezi ujao.

"Nikifunga nyumba, akirudi atagonga mlango wa nani?" anauliza Urbanus. Hangoji jibu. Anapaka gundi.

Katikati ya Julai treni ilileta magazeti ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Hamdani, muuza magazeti wa stesheni, alimpa rafiki yake Urbanus nakala moja iliyolowa pembeni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa ya uwanda wa mawe, na juu ya mawe kigari cha magurudumu sita, kadiri ya mbuzi. Wamarekani walikuwa wamekitua kwenye sayari ya Mirihi.

Ubao siku ile ulikuwa na nafasi wazi. Urbanus akaibandika picha ile, wala hakuomba ruhusa kwa mtu. "Nilitaka watu wapate kitu kingine cha kutazama, japo siku moja," anasema. "Na mimi nipate kuwasikia wakicheka."

Kwanza walicheka kweli. Mpagazi mmoja aliapa kwamba pale ni kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa, wamekata miti tu. Kijana aliyekuwa na redio begani akamwambia aache fiksi. Winfrida, mwanikaji wa dagaa, aliitazama picha kwa jicho la kazi.

"Pazuri sana pa kuanikia," alisema. "Hakuna mvua, hakuna kunguru, na mgambo hafiki."

Hamdani, ambaye hapendi gazeti lisomwe bila yeye, akapanda juu ya kreti akawaeleza kwamba picha ile ilitoka huko mbinguni hadi duniani kwa dakika kama kumi.

Kicheko kikakatika. "Dakika kumi?" aliuliza mwanamume mmoja aliyekuja na boti ya juzi. "Mimi nimemwacha mama yangu Uvira, hapo tu, nina miezi minane sijui kama yu hai." Wengine walianza kuondoka, na Urbanus akatamani asingeibandika.

Aliyebaki ni Melania, bibi wa Kirundi kutoka Rumonge, ambaye huja kila siku kuwatafuta wajukuu zake wawili. Alinyoosha kidole, akakiweka juu ya jiwe la kwanza. Akasema, "Si wangu." Akahamia la pili. Alipita mawe yote yaliyoonekana, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye kigari, kidole kikasimama.

"Mwana wanje, mwanangu Wilfred, ni dereva," alisema. "Watoto aliwapakia kwenye gari lake. Huyu dereva wa hapa anaitwa nani?"

"Bibi, hilo halina dereva."

"Oya, siyo. Gari haliendi lenyewe." Akafunga kanga yake vizuri, akashika njia ya ofisini kwa shirika.

Saa tano hivi, Walter, msimamizi wa ofisi, mtu wa Moshi aliyeletwa Kigoma kikazi, alishuka ufukweni akiwa amekunja uso. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi lake tangu asubuhi, akitaka aandikiwe jina la dereva na njia ya kufika huko.

"Bwana Urbanus, hapa watu wakiona picha wanajua kuna mtu amepatikana," alisema Walter, kwa upole kuliko ilivyotarajiwa. "Umempa yule mama kitu ambacho hatuna. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Urbanus anakiri kwamba safari ile ya ofisini ilimwia ndefu mno. Alimkuta Melania akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote: kwamba kule ni mbali kuliko lilipo jua, kwamba hakuna mtu, hakuna maji, hakuna wajukuu.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja, bibi. Nisamehe."

Bibi akauliza jambo ambalo Urbanus hajaacha kulifikiria mpaka leo.

"Na aliyepiga picha? Huyo yuko wapi? Mbona yeye hayumo?"

Alimjibu kwamba mpiga picha huwa haonekani kwenye picha. Melania akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi huyo ndiye aliyepotea," alisema. "Nani atamtafuta, na sura yake hakuna anayeiona?"

Urbanus alirudi ubaoni, akaibandua Mirihi kwa maji ya moto, akakaa chini. Anasema alilia, na hakujali nani anamwona. "Miezi yote ile nilijua Domitila ndiye aliyepotea," anasema. "Kumbe kule aliko, kama yupo, yeye anajua alipo. Aliyepotea kwake ni mimi."

Jumamosi iliyofuata alikwenda studio Ujiji, akiwa na shati la kuazima kwa Hamdani. Akapigwa picha, akatoa nakala tatu. Jumatatu aliziweka mezani kwa Walter, kwa sababu hataki tena kubandika kitu kwa kujiiba. Walter alizitazama, akasema ubao wa Kibirizi ni wa watoto na utabaki hivyo, lakini ukuta wa soko la Kalemie hauko chini yake.

Boti za kuwarudisha Wakongo kwao zimeanza tena. Nahodha Selestini, anayeondoka Alhamisi hii, amekubali kuzichukua picha zote tatu: moja sokoni, moja kanisani, moja gatini. Nyuma ya kila moja Urbanus ameandika kwa kalamu ya wino: "Domitila, nipo Buzebazeba. Sijahama." Dada yake wa Kasulu amemjibu kwamba haendi.

Anamkabidhi nahodha bahasha, pamoja na kopo la gundi, akimsisitizia habari ya pilipili. Mwandishi anamuuliza: na mwaka ukipita, na mwingine, asitokee mtu?

Urbanus anajipapasa mvi za kidevuni.

"Nitapiga nyingine," anasema. "Mtu anazeeka. Asije akanitazama akanipita."