Mpishi Hakuitwa Sebuleni

Televisheni yetu niliinunua mwenyewe kwa mshahara wa ualimu, katikati ya miaka ya sabini. Ilikuwa ya mitumba, picha nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa hatukuwa na stima ilitumia betri ya gari, ambayo kila Ijumaa ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa Karatina kuchajiwa. Jumapili jioni, ng'ombe wakishakamwa, majirani walijaa sebuleni kwetu. Mimi nikawa mkalimani wao, kazi ambayo sikuiomba.

Jumapili moja kulikuwa na hadithi ya Kiingereza. Jumba kubwa la mawe huko mashambani, mvua, watu waliovaa kama wanaenda harusini kumbe wanakula tu chakula cha jioni. Mtumishi akaleta sinia. Bwana mwenye nyumba akachukua glasi, akanywa, akaanguka juu ya zulia.

"Huyo wa sinia hajaonja," mama akasema.

Majirani wakamuunga mkono mara moja. Kwetu humpi mtu kibuyu cha uji kabla hujanywa funda moja wewe mwenyewe, mbele ya macho yake, ajue hakuna kitu ndani. Mama alifanya hivyo hata kwa mtu aliyekuja kuazima jembe. Kwa hiyo kila mara mmoja wa wale Wazungu alipommiminia mwenzake chai, sebule yetu ilipata mshukiwa mpya. Kufikia katikati ya hadithi tulikuwa tumewahukumu watu saba, kasisi akiwemo. Nilijaribu kueleza kwamba wenzetu hawana desturi hiyo.

"Ndio maana wanakufa, mwalimu," jirani mmoja akanijibu.

Baba hakucheka. Kabla ya uhuru alikuwa mpishi wa mlowezi upande wa Nanyuki, na majumba kama lile aliyajua kwa ndani. Lakini kwake mwenyewe hakugusa sufuria. Hata mama alipougua, baba alikula viazi baridi hadi shangazi alipofika kutupikia. Sisi watoto tulidhani ni ukaidi wa kawaida wa wanaume wa kwetu, ambao mafiga ya jikoni hawayakaribii, na nakiri nilimdharau kwa hilo. Mtu aliyewaokea Wazungu keki, akashindwa kumkorogea mkewe uji.

Karibu na mwisho mpelelezi akawakusanya wote sebuleni: mjane, daktari, mpwa wa marehemu na yule kasisi. Akaanza kuwahoji mmoja mmoja.

"Mama," baba akaniita. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mpishi ako wapi?"

"Hayuko kwa hii hadithi, baba."

"Na hiyo chakula yote nani alipika? Kwani hawamuulizi?"

"Hawamuulizi."

Akakitazama kioo cha televisheni. "Mimi niliulizwa peke yangu," akasema.

Alisimulia kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba sukari mezani. Mke wa mlowezi alikunywa supu, akaugua, na kesho yake asubuhi akafa. Mume hakuhojiwa, wala wageni waliokula naye meza moja. Polisi walikwenda moja kwa moja jikoni wakamtoa baba akiwa na aproni. Walimpiga siku kumi na moja wakitaka jina la sumu. Kisha daktari akaandika kwamba ni moyo, na baba akafunguliwa mlango aende zake. Hakuna aliyemwambia pole. Habari zilifika kijijini kabla yake, na watu, mama akiwa mmoja wao, wakafanya kana kwamba hawakuzisikia.

"Sasa nikipika," akasema, "halafu mtu aumwe na tumbo, mtasema nini?"

Mama alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumuuliza, akidhani kunyamaza ni heshima, na baba hakuwahi kujua kama mkewe alimwamini au la. Niliona aibu, aibu tupu, kwa jinsi nilivyokuwa nikimfikiria. Muuaji alikuwa mpwa, kama kuna anayetaka kujua. Sebuleni kwetu hakuna aliyeniuliza.

Jumapili iliyofuata tulirudi kutoka kanisani tukakuta moshi unatoka jikoni. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama, anamenya viazi, maganda membamba kuliko yangu. Alipika supu ya viazi na vitunguu, akaichuja kwa kitambaa safi, akatuambia tukae. Yule jirani aliyenijibu wiki iliyopita naye alikuwepo, maana harufu haina mlango.

Akapakua bakuli la kwanza, la mama. Akasimama mbele yake na kijiko ili aonje kwanza, kama inavyotakiwa. Sote tulikuwa tunautazama mkono wenye kijiko, na naamini alijua.

Kijiko hakijafika kwenye bakuli, mama akalichukua mikononi mwake. Akanywa funda moja, akanywa la pili, na la tatu, hakuharakisha.

"Chumvi ni kidogo," akasema. "Ongeza, mzee, halafu unipatie ingine."

Baba akaenda kuleta chumvi.