Mayai ya Mtakatifu Klara

Shemeji yangu Obdulia hajawahi kuwa mtawa hata siku moja, lakini ameishi na kuta za monasteri yetu ya Villaorba kuliko watawa wengi waliozikwa pale. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mama wa langoni. Masista wa Mtakatifu Klara walikuwa hawatoki nje, basi yeye ndiye aliyewanunulia uzi, akawapelekea viatu kwa fundi, akawaletea habari za nani kafa na nani kazaa. Leo monasteri ni hoteli, naye ndiye mkubwa wa watandika vitanda. Mimi namimina divai kwenye baa, palepale palipokuwa na viti vya kwaya. Wageni hunisifia utulivu wa mahali hapa. Utulivu gani? Ule tuliuleta sisi wawili, na nimechoka kunyamaza.

Kwetu, harusi ikikaribia, mtu wa upande wa bibi harusi huwapelekea masista wa Klara dazeni ya mayai ili siku hiyo mvua isinyeshe. Kikapuni hutiwa karatasi yenye jina na tarehe, masista wapate kuomba. Kikapu huwekwa ndani ya kabati la kuzunguka lililojengwa ukutani: unaweka, unatoa salamu, unasukuma, linageuka, na humwoni aliyepokea wala yeye hakuoni. Msiniulize kama inasaidia. Fundi bomba wetu hajakanyaga kanisani tangu abatizwe, lakini mayai ya binti zake wote wanne aliyapeleka mwenyewe.

Mwaka wao wa mwisho masista walikuwa wamebaki watatu, wazee, na hakuna aliyeweza kukaa karibu na kabati kutwa. Watu wakawa wanamkabidhi Obdulia vikapu, yeye anavipitisha. Wakati wa Kwaresima akaja bwana mmoja mwenye koti zuri, akamwambia kwamba nyumba ile ikigeuka hoteli, yeye na binti yake Rebeca watapata kazi ya kudumu. Kaka yangu, mumewe, alikuwa ameshafariki, na mjane wa kijiji kama chetu hapati maneno kama hayo mara mbili. Tatizo ni kwamba masista hawafukuzwi. Walitakiwa wapige kura wenyewe, kwa maharagwe, kama wapigavyo tangu zamani: jeupe kubaki, jeusi kuondoka.

Obdulia hakumsukuma mtu. Aliacha tu kupitisha mayai.

Mama Mkuu akiuliza kabatini, "Obdulia mwanangu, mwaka huu hakuna maarusi?" yeye anajibu, "Hakuna, Mama. Vijana wa siku hizi hawana habari na sisi." Vikapu akaniletea mimi, enzi hizo nina baa yangu ndogo kwenye uwanja wa kijiji.

"Shemeji, kuku wako wamepagawa?" nikamtania.

"Daktari kawakataza masista mayai. Kolesteroli."

"Wote watatu kwa mpigo?"

"We kaanga, Sabino. Maswali mengi ya nini?"

Nikakaanga. Nilijua, tusidanganyane. Karatasi alizitoa kabla ya kuniletea, lakini harufu ya uongo naijua. Halafu asubuhi moja ya Juni akaja na kikapu, akasema, "Hiki nimekikuta mlangoni, hata sijui cha nani." Nilipofika yai la mwisho nikaona karatasi imelala chini kabisa. Nikaisoma, nikaitia kwenye jiko, nikaendelea kumenya viazi.

Septemba maharagwe yakahesabiwa: meusi mawili, jeupe moja. Masista wakaondoka na cherehani yao kwenda monasteri ya mbali. Obdulia alilia langoni mpaka watu wakamhurumia, mimi nikiwemo, mnafiki mkubwa.

Katikati ya hayo Rebeca aliolewa, mwezi Julai. Mtoto mwenye ulimi yule. Alikuwa ametangaza mbele ya shangazi zake wote kwamba mayai ni ya kula na mambo ya Klara ni ya vikongwe. Siku ya harusi ikanyesha mvua, hema likalala chini, keki ikaelea. Ndoa nayo haikumaliza miaka mitatu. Kila mama na binti wakigombana, na wanagombana sana, Obdulia humrushia lilelile: "Ungeshusha kiburi ukapeleka mayai kama wenzio!" Rebeca hunyamaza, na kwa Rebeca kunyamaza si kawaida.

Basi Jumamosi iliyopita, kabla ya saa sita mchana, mpwa wa Sista Leocadia akamleta shangazi yake kutembelea nyumba yake ya zamani. Kati ya wale watatu, ndiye pekee aliyebaki hai. Ana miaka themanini na saba, mdogo kama mtoto wa ekaristi ya kwanza. Obdulia akambusu mikono, akamzungusha, vyumba viwili vya watawa sasa chumba kimoja, bafu pale palipokuwa na kitanda. Sista aliuliza mambo machache. Mwishoni akaomba apumzike kwenye kiti kilichoko upande wa ndani wa ule ukuta, karibu na kabati la kuzunguka. Nikawapelekea maji.

"Wewe ulikuwa mkweli kwetu," akamwambia Obdulia. "Wakubwa wa Kanisa walitupa maneno ya asali. Wewe ulisema wazi kwamba hakuna anayetuhitaji. Sista Perpetua alitia jeupe na Sista Visitación jeusi, waliniambia kabla hawajafa. Lililobaki lilikuwa langu. Nilitaka kubaki, mwanangu. Lakini kama maarusi hawaji, nakaa namwombea nani?"

Na palepale, nje ya ukuta, sauti ya mwanamke ikatoa ile salamu ya kabati, "Salamu Maria uliye safi!"

"Uliyekingiwa dhambi ya asili," Sista akajibu kabla hajafikiri.

Kabati likageuka. Kikapu cha mayai, na karatasi: Noelia, leo saa kumi na moja jioni. Watu wetu hawajaacha. Wanajua vizuri kwamba ndani hakuna tena mtawa, bado wanaleta, na sisi kila Jumamosi tunayapeleka jikoni kabla wageni hawajauliza.

Sista akayagusa mayai yale. "Haya yanaletwa tangu lini?"

Nilimwona shemeji yangu akitafuta uongo. Namjua uso wake. Angeweza kusema ni mapambo ya hoteli, na kizee yule angeondoka na amani yake. Badala yake akapiga magoti kwenye vigae, na aproni yake na yote.

"Hayakuacha kuja, Sista. Hata mwaka ule. Niliyazuia mimi."

Akasema yote, kazi, koti zuri, baa yangu. Sista hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. Alikuwa akivuta uzi wa mkono wa joho lake, anavuta, anavuta.

"Majina yao unayakumbuka?" akauliza.

Obdulia akakimbia akarudi na kopo la biskuti. Karatasi zote za mwaka ule, thelathini na sita, alikuwa amezihifadhi kwa miaka kumi na miwili. Sista akavaa miwani akaanza kuzisoma moja moja, midomo ikicheza, ya Noelia akiitanguliza. Nikataka kuondoka na trei yangu. Nikaiweka chini.

"Rebeca wako aliolewa mwaka uleule," akasema alipofika chini. "Yake siioni."

"Huyo hakuleta, Sista. Kiburi. Ndiyo maana ikanyesha."

Ningeweza kunyamaza hapo pia. Nina ujuzi nao.

"Alileta," nikasema.

Obdulia akageuka.

"Kile kikapu ulichokikuta mlangoni. Karatasi ilikuwa chini, mwandiko wake. Aliona aibu, ndiyo maana alikiacha kabla hujaamka. Nikaichoma."

Sista akachukua kalamu mfukoni mwangu, akageuza karatasi ya Noelia, akaandika nyuma yake jina la Rebeca kwa herufi kubwa. Obdulia hakuinuka sakafuni. Nilidhani atanitukana, nikajitayarisha, hata nilitamani.

"Uliyafanya nini yale mayai?" akaniuliza, polepole.

"Nilikaanga na viazi."

"Nani aliyakula?"

Nikamtazama Sista anisaidie, lakini yeye alikuwa ameshafumba macho anaomba. Ikabidi nimwambie. Asubuhi ile Obdulia mwenyewe alikuwa hajatia kitu mdomoni, nikamkatia yeye kipande cha kwanza, akala amesimama pale kaunta, akaniomba kingine.