Sifuri ya Mzee Lekishon

Iko siku moja ya Kajiado ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri, mwanangu, na ndiyo nataka nikupe.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nakaa kwa wazazi Kitengela, nabishana na kila mtu, hata na mchungaji. Nikapata kazi kwenye utafiti hospitalini. Wazee ambao mkojo umekataa kutoka walikuwa wakiwekewa mpira wa kuutoa, na mpira huo lazima ubadilishwe kila baada ya muda. Wengine walitiwa dawa ya ganzi kwanza, wengine mafuta ya kawaida tu, bila kuambiwa ni ipi. Kazi yangu ilikuwa kuuliza: maumivu ni ngapi, kutoka sifuri mpaka kumi?

Wazee wa Kimaasai wote walijibu sifuri. Waliotiwa ganzi, sifuri. Wasiotiwa, sifuri. Nilimwona Mzee Lekishon wa Isinya akitokwa jasho mpaka shuka ikalowa, kisha akaniangalia usoni: "Sifuri." Nikaandika. Ningefanya nini? Lakini kwa majibu hayo ganzi ingeonekana haina kazi, na hakuna mzee angepewa tena.

Tarehe ya Mzee Lekishon ya kubadilisha mpira ilipofika, hakuja. Nilimpata kwenye soko la ng'ombe, amesimama kwa shida, mkono kiunoni. Mpira ukikaa sana huziba, na mtu anaweza kufa. Nikamvuta nyuma ya lori.

"Mzee, si ulisema hauumi?"

"Nilitahiriwa bila kupepesa jicho. Leo nililie mpira, na wenzangu wako kwa benchi wanasikia?"

"Kwa hivyo ulinidanganya."

"Wewe ni layioni," akanicheka. Kwao huyo ni kijana ambaye bado hajatahiriwa. "Umeniuliza swali lenye jibu moja tu. Mimi usiniulize kama inauma. Niulize kama nitarudi."

"Utarudi?"

"Hapana."

Nilibaki hapo kama ndama aliyepotezana na mama yake. Daktari wa utafiti alikataa nibadilishe ile sifuri, kwa sababu mzee mwenyewe ndiye aliyeisema. Lakini alikubali tuongeze swali la pili, tuulize faraghani, na mzee apewe ganzi waziwazi. Nikaenda kumbembeleza. Akaja, amenuna. Safari hii tulingoja dawa ishike ndipo mpira ukaingia. Jasho halikutoka.

"Maumivu, mzee?"

"Sifuri."

"Utarudi?"

Akajifunga shuka polepole. "Tarehe gani?"

Sifuri mbili, mwanangu, kutoka mdomo mmoja, na ile ya kwanza sijui niiite nini. Uongo? Heshima? Nimeacha kuamua. Ninachokuambia ni hiki: ukiuliza mtu akakujibu, usiridhike haraka. Tazama atafanya nini akishatoka mlangoni, na kama jibu na tendo havilingani, usibadilishe jibu lake. Badilisha swali lako. Wala usione haya kusema hujaelewa.

Mungu akuzidishie subira ya kusikiliza, na siku mwili wako utakapouma, akupe mtu anayejua kukuuliza.