Siku Nilipomwazimisha Lembris Mtoto wa Dada

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu siisahau, enzi za Mjerumani, Boma la Arusha likijengwa. Hasira yake sijaimaliza, na aliyenitia aibu nitamtaja kwa jina.

Dada yangu alinipa binti yake Nasieku, wa miaka minne, nikamtembeze mjini. Dada alikuwa ameshazika watoto wawili. Huyu ndiye aliyebaki. "Usimwachie mtu," akaniambia. Nikaitikia, maana kuitikia si kazi.

Ukweli ni kwamba nilikubali kwa hila. Askari wa Boma walikuwa wakikamata kijana yeyote anayezurura, wakampeleka kubeba mawe. Lakini mwenye mtoto begani walimwacha apite. Nikajiona mjanja.

Tulivuka Mto Naura asubuhi na mapema. Jua limepanda, bado hatujafika madukani. Nasieku alisimama mbele ya kila mzee, akainamisha kichwa aguswe utosini, kama sisi Waarusha tunavyowafundisha watoto. Akimaliza huyu, anamfuata yule. Alimwinamishia hata mbuzi beberu mmoja, kwa sababu ya ndevu. Nilichoka!

Nje ya duka la shanga tukamkuta Lembris, wa rika langu, amejibanza ukutani akiwaogopa askari.

"Niazime mtoto," akasema. "Nipite naye mbele ya Boma nikachukue ugoro. Narudi sasa hivi."

Nikampa. Mwanangu, nilimpa kama mtu anavyotoa kibuyu.

Hata sijakaa vizuri, mkono wa askari ukanishika shingoni.

"Wewe, twende kwenye mawe."

"Bwana askari, mimi nina mtoto!"

"Yuko wapi?"

"Nimemwazimisha mtu."

Wauza ndizi walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Nikabeba mawe, lakini lililonielemea halikuwa begani. Lembris harudi. Misafara ya wageni inapita, na mtoto yule ni mdogo, rahisi kuibwa. Nitamwambia nini dada? Jua lilikuwa utosini alipotokea, Nasieku mabegani, anatembea kwa madaha.

"Mjomba!" mtoto akaniita.

Askari akamsimamisha Lembris. "Huyu ni mtoto wako?"

"Wangu kabisa, bwana. Ila ana wajomba wengi."

Askari akamgeukia Nasieku. "Mama, huyu aliyekubeba ni nani?"

"Huyu ni punda wangu."

Tukabeba mawe wote wawili mpaka jioni. Nasieku alikaa kivulini na mke wa askari, anakula ndizi, ananisimamia: "Mjomba, na lile kubwa!"

Nyumbani alisimulia yote kabla sijanawa miguu. Dada hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ndama wangu ungemwazimisha mtu bila kuniuliza?"

Kwa miezi mingi baada ya hapo dada alimbeba Nasieku mwenyewe hata akienda kukata majani ya ng'ombe, nami nimekaa pale mikono mitupu.

Basi sikiliza. Ukipewa mtoto umtembeze, siku hiyo ni yake. Akisimama, simama. Usimfanye ngao yako, wala usimkabidhi mtu mwenye haraka zake. Lembris bado yuko hai. Mwulize, atakana yote.

Enkai, Mungu wetu, akupe watoto wa kukuchelewesha njiani, na akupe moyo wa kuwangoja.