Mashua ya Bwana Ndevu

Harufu ya lami ilitufikia kabla hatujamjua mwenyewe. Sie watoto wa Temeke tuliijua lami ya barabara, ile kali inayokwaruza koo, na tuliijua sifa, yale mafuta ya papa ambayo mabaharia hupaka vyombo vyao. Hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa na utamu kidogo ndani yake, kama moshi wa kuni mbichi, na kila asubuhi ilitoka katika ua wa makuti wa nyumba moja ya mabati iliyosimama peke yake kule Mtoni, mahali njia ya mchanga inapoishia kwenye mikoko. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, na mji mzima ulikuwa ukizungumza habari za mumiani, watu waliosemwa kuwa wanakamata wenzao na kuwanyonya damu ikatengenezewe dawa. Mama alitukataza kupokea peremende kwa mtu yeyote. Gari jekundu la zimamoto, lililosemwa kuwa ndilo lao, likipita, tuliingia uvunguni. Basi fikiria mzungu mmoja, hana mke wala mpishi, anahamia mbali na wazungu wenzake, anajizungushia ua mrefu kuliko kimo cha mtu, kisha anaanza kuchemsha kitu ndani ya pipa.

Tulimwita Bwana Ndevu kwa sababu ya ndevu zake nyekundu zilizomfika kifuani. Hakuwa Mwingereza. Alitoka Norwei, na alikuwa amefanya kazi ya useremala melini maisha yake yote, hata Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini, kifupi na cha kuamrisha. Siku moja alikuja nyumbani kwetu kumtafuta baba. Baba yangu, fundi Lukas, alikuwa Mmakonde wa Newala, mchongaji wa vinyago, na tulipanga vyumba viwili kwa Bi Mwanahawa, mwanamke wa Kizaramo aliyeheshimiwa mtaa mzima. Wageni wa kusini hatukuaminiwa sana wakati ule. Baba na mama walikuwa na chale usoni, za kwao, na wapo waliovuka njia wasipishane nao. Kwa hiyo mzungu yule alipoinama kuingia mlangoni kwetu, majirani waliona wamekwisha kulitambua jambo: wabaya wamekutana.

Alitaka achongewe kichwa. Si cha mtu, wala cha mnyama tunayemjua. Alikichora mchangani kwa kijiti: shingo ndefu kama ya mbuni, kinywa wazi, meno, macho ya kutoka nje. Kingekaa mbele ya mashua aliyokuwa akiijenga uani kwake. Baba aliifurahia kazi ile, akaenda kuifanyia hukohuko Mtoni, na jioni alirudi na hadithi. Alituambia kwamba zamani mno, katika nchi ya Bwana Ndevu, waliishi watu walioitwa Waviking, wakulima wakati wa mavuno na mabaharia baada ya hapo, waliojenga mashua nyembamba kwa mbao zilizopandiana kama magamba ya samaki. Walifika mbali kufanya biashara ya ngozi na manyoya, na walipoona pwani isiyo na ulinzi walishuka wakachoma, wakapora, wakaondoka na watu wa kuwauza. Baba akishusha sauti alituambia jambo lililompendeza zaidi: kwamba hata Waingereza waliwahi kukimbilia makanisani kumwomba Mungu awaepushe na watu hao. Alicheka peke yake. Mama hakucheka.

Tatizo lilikuwa hadithi ya mazishi. Baba alieleza kwamba mkubwa wao akifa, alilazwa ndani ya mashua yake pamoja na silaha, farasi na mbwa, na pengine msichana mmoja mtumwa aliuawa ili amfuate bwana wake, kisha mashua ikafukiwa chini ya kilima cha udongo au ikachomwa moto. Mama aliweka mwiko chini. Akauliza mashua ya Bwana Ndevu ilikuwa na ukubwa gani. Baba akasema ndogo tu, ya kumtosha mtu mmoja kulala. Mama akanitazama mimi, binti yake, kisha akautazama mlango, na kuanzia siku ile sikuruhusiwa tena kumpelekea baba chakula.

Mama alimwambia Bi Mwanahawa, na kwake maneno yale yaliangukia penye kidonda. Bibi yake mzaa mama aliwahi kuchukuliwa na watu wa namna hiyo, akiwa anachota maji, akauzwa pwani. Hakuhitaji kuambiwa Waviking ni nani. "Watu wanaoshuka chomboni na kuondoka na watoto wa wengine," alisema, "hao nawajua, hata wawe na ndevu za rangi gani." Wateja wa vinyago wakaacha kuja. Mama alipokwenda kisimani, wanawake walinyamaza. Mimi mwenyewe nilimwogopa baba. Alipolala mchana nilimnusa mikono, nikitafuta harufu nyingine chini ya ile ya lami.

Kisha Siwema akapotea. Alikuwa mjukuu wa Bi Mwanahawa, rika langu, na alitumwa maji asubuhi. Adhuhuri ndoo yake ilikutwa kando ya kisima, imejaa. Hakuna aliyesema twende wapi. Watu walitoka tu majumbani, wanaume na mapanga, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na wote wakaelekea Mtoni. Mama alinishika kifundo cha mkono, hakutaka kuniacha nyuma. Njia nzima nilimsikia akirudia kwa Kimakonde kwamba mumewe alikuwa mule ndani, mumewe alikuwa mule ndani.

Ua ulisukumwa ukaanguka. Baba alisimama na patasi mkononi, kichwa cha yule mnyama kikiwa kimekwisha kufungwa mbele ya mashua, kinatutazama. Watu walirudi nyuma kidogo. Bi Mwanahawa hakurudi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mashua, akachungulia ndani, akaona blanketi limetandikwa na mto mdogo mwekundu.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Sijamwona, Bibi," Bwana Ndevu alisema.

"Na hapa kitandani unamlaza nani?"

Yule mzungu alikaa juu ya gogo. Wakati ule ndipo nilipomwona vizuri, mashavu yaliyozama na macho ya manjano kama ya mgonjwa. "Mimi," alisema. "Daktari ameniambia nisiingoje masika. Kwetu sina mtu tena. Nimetaka nizikwe kama wazee wangu, ndani ya chombo nilichokijenga mwenyewe. Hakuna mtu mwingine atakayelala humo, Bibi. Ni mimi peke yangu."

Tuliokuja kumtafuta muuaji tulijikuta tumesimama katika nyumba ya mtu anayekufa. Bi Mwanahawa hakulegeza uso. Kisha akamwonyesha yule mnyama kwa kidole. "Na huyu? Kwa nini anaangalia majumbani kwetu?"

Bwana Ndevu aliinua kichwa kama mtu aliyekumbushwa. Akasema ni kweli, amekosea. Waviking wenyewe, walipokaribia nchi kavu, walikuwa na sheria ya kuvua vichwa vile, ili wasiwashtue wenye ardhi wasioonekana, wale wanaokaa milimani na kwenye mawe.

"Basi wewe umeshafika," Bi Mwanahawa alisema. "Kivue."

Baba akakata kamba, akakilaza kile kichwa mchangani, uso chini. Na kabla hatujatawanyika Siwema alitokea nyuma ya umati akiuliza kuna nini. Alikuwa amefuata ngoma ya beni, ile ya matarumbeta, mpaka Keko. Alipigwa kofi, akakumbatiwa, akapigwa jingine.

Tangu hapo Bi Mwanahawa alimpelekea mgonjwa uji, ingawa hakukubali kuingia ndani, aliacha kopo mlangoni. Mama hakumwamini hata siku moja. Alisema mtu anayetengeneza jeneza lake akiimba ana siri nyingine. Bwana Ndevu alifariki kabla ya mvua, na afisa wa serikali aliyekuja na kofia yake ngumu akasema wazi kwamba hakuna mtu atakayezikwa ndani ya mashua katika makaburi ya Wazungu. Liandaliwe jeneza. Baba alikubali kazi hiyo upesi mno, na mama akashtuka. Baba aliivunja ile mashua ubao kwa ubao, akaunganisha jeneza kwa mbao zilezile, zikiwa zimepandiana, akapigilia misumari ileile ya shaba, na kile kichwa akakiweka ndani, miguuni pa marehemu. Afisa alinusa, akauliza mbona sanduku linanuka lami.

"Mchwa, bwana," baba alisema. "Huku kwetu mchwa ni wengi."

Afisa alimtazama kwa wasiwasi, akatazama zile mbao, akatia sahihi.

Mtoni ya leo ni maghala na malori, na mimi ni bibi wa watu. Wajukuu zangu huniambia habari za Waviking wanazoziona kwenye simu, wenye kofia za pembe, nami nawaambia kwamba niliyemjua mimi alivaa msuli. Ninapoishi sasa, Tabata, nyumba ya jirani ina ukuta wenye nyaya za umeme juu, na ndani yake anaishi mtu anayegonga vyuma mchana kutwa. Kwenye kundi la mtaa la simu wapo wanaosema anatengeneza noti bandia, wengine wanasema ni mchawi, mwingine alituma picha ya geti lake. Sina hakika kwamba sisi ni watu wabaya kuliko wale wa Temeke. Hofu zao zilikuwa kubwa, na mapanga yao yalikuwa makali. Lakini wao walikwenda wakasimama mbele ya mtu, wakamuuliza kwa sauti, naye akawajibu. Jirani yetu huyu ameishi hapa miaka, na katika kundi zima hakuna anayejua jina lake.