Nguo ya Ndani Aliyonishonea Mama

Baba yangu alikuwa na busha. Naliandika neno hili taratibu, kwa sababu ndani ya nyumba yetu pale Temeke halikutamkwa, ingawa nje kila mtoto alilitamka. Jioni baba alikaa barazani amevaa kanzu pana. Akitaka kuinuka, kwanza alitia mkono chini ya kanzu, akaubeba mzigo wake, ndipo akasimama. Watoto walimfuata nyuma wakitanua miguu na kucheka. Nilikuwa mdogo alipokufa, lakini nadhani aibu yangu ya kusema mbele za watu ilianzia kwenye vicheko vile.

Mama alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo. "Limeshuka kwa sababu halikushikwa," alisema. Basi nilipotoka jandoni alinishonea nguo ya ndani. Haikuwa kama zile zinazouzwa madukani kwa Wahindi. Ilikuwa ya kitambaa cha marekani, kile kizito cha pamba, mapande mawili yameshonwa pamoja, na kamba kiunoni na mapajani. Niliivaa mchana na usiku, na ikichakaa alishona nyingine. Madafu nayo alinikataza, maana watu husema huleta mshipa, ndilo busha lenyewe. Kila asubuhi, kabla sijaenda bandarini kubeba magunia, alisimama nje ya mlango wa chumba changu.

"Umeifunga?"

"Nimeifunga, mama."

"Barabara?"

"Barabara."

Wakati wa vita marekani iliadimika. Nguo zilipochakaa mama alifungua sanduku lake, akatoa bafta nyeupe aliyojiwekea kwa ajili ya sanda yake, akaikata. Nilimwona akiikata. Alishona nguo mpya, nyeupe kabisa, akazikaza kuliko zile za kwanza.

Nikaoa. Mke wangu alitoka Mbagala, mcheshi, mwepesi wa kazi. Mwaka ukapita, na mwingine, hakuna mtoto. Mama akaanza kumtazama tumbo kila akipita na ndoo. Mke wangu aliziosha zile nguo zangu, akazianika uani nyuma ya majani ya mgomba, zisionekane. Siku moja aliniambia, "Bwana, kamba hizi zinakuacha alama kama ng'ombe wa kukokota. Huumii?" Nikasema nimezoea. Mchana bandarini jasho lilijaa mle ndani, nikawa kama mtu aliyefunikwa kwenye chungu. Lakini nilimkumbuka baba na mkono wake chini ya kanzu.

Mama alipougua homa ya mwisho alimwita mjomba, kaka yake mkubwa. Akamwambia nikiwapo, "Nikifa sijaona mjukuu, mwanamke huyu arudi kwao. Arobaini yangu isimkute hapa." Mjomba akaitikia. Siku ya tatu mama akafa. Tulipomkafini, sanda haikuwapo. Ilibidi mtu akimbie dukani kununua nyingine, nami nilisimama pale nimeivaa ile yake.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mtani wetu. Watani kwenye msiba wana ruhusa. Huigiza marehemu, hutukana, na hakuna wa kuwakasirikia. Siku ya matanga alizunguka uani akimwiga mama, ameinama, mkono kiunoni, akaiona ile nguo yangu nyuma ya mgomba. Akaing'oa kambani akaiinua juu.

"Hebu oneni, Wazaramo! Hii ni ya nani?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akapiga kelele, kana kwamba anamjibu marehemu, "Ya mwanao huyo, mtani, mwenye haya!"

"Ya mtu au ya punda?" Akavuta kamba zake, akapima unene wa kitambaa kwa vidole. Nikaona mzaha unamtoka usoni kidogo. "Sie kwetu tuna ng'ombe. Dume tukitaka asizae, tunamfunga kamba hapo hapo, kwenye pumbu, akae hivyo mpaka basi. Nyie mnamfunga mwanamume wenu halafu mnamwuliza mke, mbona huzai? Hamna ng'ombe, hamna akili!"

Wakacheka sana. Mjomba hakucheka. Mke wangu alikuwa jikoni ameshika mwiko, wala hakugeuka.

Tangu siku ile nyumba ikawa na sauti. Asubuhi nikiinama kufunga kamba, nilisikia nje ya mlango, "Umeifunga?" Nikifungua, hakuna mtu. Nilifunga hivyo hivyo.

Siku ya arobaini ikafika. Baada ya kisomo, vitu vya mama vilitandazwa mkekani vigawiwe: kanga zake, kinu, sanduku. Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, ameuweka mlangoni. Mjomba alikuwa anakohoa, anatafuta maneno ya kuanzia.

Nikaingia chumbani. Nikavua. Nikajifunga kikoi kitupu, nikatoka, na upepo ukanipiga mahali ambapo haukunipiga tangu utoto. Nilihisi kila mtu anaona. Nikaziweka zile nguo zote juu ya kanga za mama.

"Nini hizi?" mjomba akauliza.

"Za mama," nikasema. Nikainua moja ya bafta. "Ni sanda yake, mjomba. Alinishonea mimi. Mke wangu hana neno. Mimi ndiye niliyefungwa."

Mjomba alikishika kitambaa, akakitazama mshono kwa mshono.

"Mrudishie mwenyewe," mjomba akasema mwishowe. "Na wewe mwanamke, ondoa mzigo wako mlangoni, watu wasijikwae."

Jioni tulikwenda kaburini, mimi na mke wangu, tukazifukia miguuni pa mama.

Sijui kama ni kitambaa, au ni wakati wake Mungu. Mke wangu ana mimba sasa, tumbo limetoka mbele, na anapenda madafu. Jana nilimwangulia moja, nikalikata. Akanywa nusu, akanipa.

"Kunywa, bwana. Nani atakukataza?"

Nililipeleka mdomoni. Nyuma ya mlango nikasikia mtu amesimama, anavuta pumzi, yuko karibu kuuliza. Nikalirudisha dafu mikononi mwa mke wangu, nikamwambia amalizie yeye.