Boila kuukuu ya Isiolo iliyogeuka kaburi la shehe, na mimi ndiye wa kulaumiwa

Wakuu, salaam aleikum kwa wenye salaam, na habari zenu kwa wenye habari.

Nimekaa humu muda mrefu nikila visa vya wenzangu bila kuchangia hata chumvi. Leo ni zamu yangu. Haya nitakayoandika ni kweli tupu, na shahidi wangu ni Kinyua, fundi wa welding hapa mjini. Akisoma uzi huu atakana kila kitu. Msimsikilize.

Kwa ufupi, nilibakisha kidogo tu nyanya yangu amsomee dua marehemu babake mbele ya boila.

Ndiyo, boila. Lile pipa la chuma la kuchemshia maji kiwandani.

Tulieni nianze mwanzo.

Mimi ni dereva wa pikapu Isiolo. Nabeba mbuzi, nabeba unga, nabeba masufuria ya harusi. Siku sina kazi nina starehe moja ambayo mke wangu ameshindwa kuieleza kwa mamake: napenda kutembelea magofu. Wenzake wanapelekwa Meru kula kuku, yeye ananingoja nirudi na miba kwenye suruali.

Sasa, mtu wa Isiolo ukimuuliza mji wake una nini, atakuambia airport na lami ya kwenda Moyale. Anasahau kwamba zamani ng'ombe wote wa kaskazini walikuwa wanazuiliwa hapa kwanza. Wanapimwa, wanadungwa sindano, wanaogeshwa dawa, ndio waruhusiwe kushuka kusini.

Kazi hiyo iliacha vitu kila mahali. Kuna majosho yamejaa miba. Kuna mahali pa mizani ya ng'ombe pamebaki shimo tu. Kuna tangi limesimama juu ya nguzo zake halina tone la maji, na ndege wamelifanya estate.

Kinyua hunisindikiza kwa sababu zake. Mimi naangalia historia, yeye anagonga na kidole kujua unene wa chuma. Tunaelewana.

Basi siku moja tuko upande wa magharibi, njia ya kuelekea Leparua, tukaiona. Imelala chini, nusu imezikwa na mchanga. Ndefu kumzidi mtu kidogo, mviringo, ribiti, ile misumari minene ya kuunganishia chuma, pande zote, na mlango mdogo mbele. Karibu yake kulikuwa na msingi wa jengo na matofali machache. Mchungaji mmoja aliyepita alituambia alisikia zamani walikuwa wanachemsha mifupa na mafuta ya ng'ombe hapo. Mwingine akasema ni bomu. Tuliamua kumwamini wa kwanza.

Wakuu, niliipenda ile boila. Siwezi kueleza. Nilikaa juu yake nikapigwa picha mpaka simu ikaisha chaji.

Kinyua ndiye aliharibu raha. Aliniambia, "Buda, watu wa skrapu wakiona hii, wiki moja tu, imeenda."

Na ni kweli, hao wanunuzi wa chuma chakavu hawaachi kitu. Mageti ya josho yameenda. Mabati ya stoo yameenda. Ile mizani mnafikiri ilienda wapi?

Tukaamua kuificha. Tulibeba mawe mchana kutwa, wanaume wawili wazima wenye familia, tukaifunika yote. Halafu Kinyua, ili tusiisahau, akasimamisha jiwe moja bapa upande wa mwisho.

Wasomaji Waislamu najua mmeshaanza kushika kichwa.

Ile boila imelala mashariki kwenda magharibi. Huku kwetu kibla kiko kaskazini, na maiti hulazwa ubavu kukitazama, kwa hivyo kaburi la Muislamu nalo linalala hivyo hivyo. Mimi niliyezaliwa Muislamu, mjukuu wa watu waliozikwa hivyo, nilisimama nikaangalia lile lundo lenye jiwe la kichwani, nikasema, "Safi, sasa hakuna mtu atajua ni nini."

Na huku kwetu kuna adabu moja. Ukipita kaburi msituni, hata kama humjui mwenyewe, unasema salaam na kuongeza jiwe au tawi bichi. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo tangu utoto. Ukiniuliza niliwarushia akina nani, sijui hata mmoja.

Njia ile wachungaji huitumia kuleta mifugo sokoni. Mnaona inakoelekea.

Nilirudi baada ya wiki kadhaa nikakuta lundo limeongezeka. Juu kuna matawi mabichi. Pembeni mtu amemwaga maziwa. Nilifurahi, siwadanganyi. Nikamwambia Kinyua tumepata security ya bure, kwa sababu hakuna mtu wa skrapu atachimba kaburi.

Kitu ambacho sikupigia hesabu ni sauti.

Boila ni tupu ndani. Jiwe likitua vizuri juu ya mawe yanayoigusa, inalia: ngooom. Sasa jiweke wewe. Uko peke yako na mbuzi wako, unafika kaburini, unasema "Assalaam aleikum", unatupa jiwe, na kaburi linaitika.

Wa kwanza nasikia alikimbia akaacha mbuzi. Wa pili alikimbia, akarudi kuhakikisha, likamuitika tena. Mchana jua likiwaka chuma kinatanuka na kufanya tak, tak, tak, wakasema anahesabu tasbihi.

Kufikia hapo soko lote la mifugo linazungumza juu ya shehe anayeitikia. Ngamia aliyepotea Kulamawe alipatikana, shehe akapewa sifa. Mama mmoja akapata kitambulisho baada ya kusumbuliwa sana, shehe tena. Nilikuwa napakia mbuzi huku nasikiliza, nauma mdomo nisicheke. Nilijiona mjanja kweli.

Ujanja uliisha siku Ayeyo aliposikia.

Ayeyo ni nyanya yangu, mzaa baba. Sisi ni wale watu ambao mababu zao walikuja Isiolo wakiwa askari wa mkoloni, wakamaliza kazi, wakabaki. Babake Ayeyo alikuwa mmoja wao. Baada ya uaskari alipewa kazi ya kusindikiza ng'ombe wa serikali, na safari moja hakurudi. Aliugua njiani akafa, na wenzake wakamzika siku hiyo hiyo mahali alipofia. Wakarudi na kofia yake. Wote walishakufa, na hakuna aliyewahi kumwonyesha Ayeyo ni wapi. Anachojua ni kwamba ilikuwa upande wa magharibi. Alikuwa msichana mdogo na sasa ni bibi wa watu hawezi kupanda ngazi, na bado hilo jambo humtoa machozi kila Idd.

Nilifika kwake chai ya jioni nikamkuta amebadilika uso, amekuwa kama bibi harusi.

"Yusuf," akaniambia, "ni aabo. Baba yangu alikuwa hawezi kuacha salamu ya mtu chini. Hata akiwa na chakula mdomoni atakuitikia. Ni yeye."

Wakuu, niliweka kikombe chini.

Akaendelea. Ijumaa baada ya swala tutaenda. Amemwambia Maalim wa msikiti wetu aje asome dua. Mbuzi ameshachaguliwa. Na dereva ni nani? Ni mimi, mjukuu mwenye pikapu, Mungu amzidishie.

Nilijaribu kusema, walahi nilijaribu. Nilianza, "Ayeyo, lile kaburi..." Akanishika mkono akasema, "Hata wewe umeguswa, naona." Nikammiminia chai. Kesho yake nikamwandikia Maalim ujumbe nimueleze, nikaufuta, nikaandika, nikafuta, mwishowe nikamtumia "Ijumaa Mubarak". Ilikuwa Jumanne.

Nikaenda kwa Kinyua. Alizima mashine, akavua miwani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye ni Mkristo na hayo ni mambo yetu. Nilimkumbusha ni nani alisimamisha lile jiwe. Akakubali kuja, kwa sharti kwamba atakaa karibu na gari.

Ijumaa ikafika. Mbele nimekaa na Ayeyo amevaa nguo yake nzuri. Nyuma kuna Maalim, shangazi yangu Habiba, Kinyua, na mbuzi. Njia nzima Ayeyo anazungumza peke yake chinichini. Nilidhani ni dua. Nilipotega sikio nikasikia ni majina. Majina yetu, watoto, wajukuu, nani ameoa wapi. Alikuwa anafanya mazoezi.

Hapo ndipo nilipojua siwezi. Lakini wakuu, kujua na kufungua mdomo ni vitu viwili.

Tukafika. Lundo sasa lilikuwa kubwa kuliko pikapu. Ayeyo akashuka, akakataa kushikwa mkono, akasogea, akasema salaam kwa sauti ya msichana. Akatupa kijiwe.

Ngooom.

Shangazi akaanza kulia. Ayeyo akaanza kulia. Maalim akaweka koti vizuri, akainua mikono.

Nikapiga kelele, "Maalim, ngoja! Hiyo ni boila!"

Wote wakanigeukia. Mbuzi tu ndiye aliyesema kitu.

Nikamwaga yote pale pale. Magofu, skrapu, mawe, jiwe la kichwani. Mnafikiri waliniamini? Maalim aliniuliza kwa upole kama nimekula asubuhi. Shangazi Habiba akasema ni wivu, eti kwa sababu babu hajanitokea mimi. Nikamwita Kinyua atoe ushahidi. Kinyua alikuwa amechutama upande wa pili wa gari, anakagua tairi lisilo na shida yoyote.

Aliyeniokoa ni mbuzi.

Katika zile kelele kamba ilimponyoka shangazi. Mbuzi akiona lundo la mawe anajua kazi yake, akapanda. Ngom, ngom, ngom, mpaka juu. Mawe yakaanza kuporomoka. Likaporomoka la kwanza, likafuata la kichwani, halafu upande mzima ukashuka, na pale mbele ya macho yetu kukatokea kutu, ribiti, na kile kimlango kinaning'inia kwa bawaba moja.

Maalim akashusha mikono polepole.

Ayeyo akasogea. Akagusa ribiti moja moja. Akachungulia ndani ya mlango. Akaniangalia, akamwangalia mbuzi, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka shashi yake ya kichwani ikaanguka mabegani, shangazi akacheka, Maalim akageuka pembeni mabega yanatikisika. Hata Kinyua akainuka kutoka kwenye tairi lake, akijua sasa hatauawa.

Na mimi nikacheka. Nikadhani tumemaliza.

Kisha Ayeyo akakaa kwenye jiwe, kicheko kikamwisha, akasema taratibu, "Nilikuwa nimemletea habari."

Shangazi akamrudishia shashi kichwani. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile.

Maalim ndiye aliyejua la kufanya. Alisema dua haihitaji kaburi na Mungu anajua alikomweka mja wake. Tukaipa boila mgongo, tukaelekea kibla, tukamwombea babu na wote waliozikwa porini bila mtu wao kujua. Kinyua alivua kofia akasimama nyuma yetu. Halafu mbuzi akachinjwa kama ilivyopangwa, tukala. Msema kweli nilimwonea huruma kidogo, kwa kazi aliyoifanya.

Maalim akaamuru lundo lote lishushwe, watu wasipotoke. Mimi na Kinyua tulishusha mawe ya kata nzima. Siku ya pili Kinyua akaandika kwa rangi nyeupe: HII NI BOILA. Wachungaji wanasoma, wanatikisa kichwa, halafu wanatupa jiwe hivyo hivyo. Wamezoea. Watu wa skrapu nao hawaigusi, kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Lakini nilitaka kuwaambia ya njiani tukirudi. Tulikuwa tumekaribia mjini. Ayeyo akasema, "Yusuf, chuma cha serikali, si chako, hakuna aliyekutuma, umekitafuta mpaka ukakipata na ukabeba mawe kukilinda. Baba yangu je?"

Wakuu, alisema kweli. Nimejua kila josho la Isiolo, naweza kukuonyesha shimo la mizani gizani. Babu yangu amelala mahali fulani upande huo huo na sijawahi hata kuuliza swali moja.

Siku hizi nikikosa mzigo tunaenda, mimi na Kinyua. Hatutafuti chuma tena. Tunauliza wazee wa manyatta za wafugaji ni lundo gani ni la nani. Mengi wanayajua. Machache hawayajui, na hayo ndiyo tunaandika, huenda moja ni lake.

Funzo: usirundike mawe kwenye njia ya watu wenye adabu. Na kama una kitu cha kumwambia nyanya yako, mwambie kabla hajachagua mbuzi.

Sasa nyinyi. Chekeni, nimeruhusu. Lakini kama kwenu kuna mzee aliyewahi kutaja askari aliyezikwa njia ya ng'ombe magharibi ya Isiolo, muulizeni leo, msingoje kesho, halafu andikeni hapa chini hata kama ni kidogo.

Ayeyo hasomi simu. Ameniambia nitakuwa namsomea majibu yenu kila baada ya magharibi, na kiti ameshakiweka.